Sauti ya Mwalimu Inapokatika Saa Kumi na Moja

Alhamisi, wiki ya tatu ya Julai. Jioni.

Leo jua lilikuwa kali na vumbi lilikuwa jingi, hata vilima vya upande wa Kibingo vimefifia kama vimepitiwa na kifutio kichafu. Shati langu la shule lina doa la utomvu wa mgomba kwenye mkono wa kulia tangu jana. Kila anayelima ndizi anajua kwamba doa hilo halitoki. Nimelifua kwa sabuni, nimelisugua kwa ndimu, nimelianika, nimelitazama tena, bado lipo. Sijali. Nimechoka, lakini ni uchovu mzuri, ule unaokuja baada ya mtihani uliokwenda salama, ingawa leo si mimi niliyekuwa na mtihani.

Mama ameniruhusu niandike habari hii. Masharti yake ni mawili: nisitaje jina lake, na nisimfanye aonekane mtu wa kuhurumiwa. Nilimwambia kwamba blogu hii inasomwa na watu wanne na mmoja wao ni mimi. Akasema, "Basi hao watatu wasinihurumie."

Nitajitahidi.

Mama aliacha shule akiwa kidato cha tatu. Mwaka ule ndio niliozaliwa mimi. Nyumbani hatulizungumzi sana jambo hilo, na nilipokuwa mdogo nilidhani kila mama huacha shule kidato cha tatu, kama vile kila mtoto huota meno. Sasa mimi mwenyewe niko kidato cha tatu, na kila nikifungua daftari jipya nawaza kwamba la Mama liliishia karibu na ukurasa huu.

Mwezi wa nne alijiunga na darasa la watu wazima linalofundishwa kwa mtandao. Wako kumi na mmoja. Mwalimu wao ni mzee mstaafu aliyeko Bukoba, wanamwita Mwalimu Lazaro. Hufundisha Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni, na wote wanajiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Kuna dereva wa bodaboda wa Ngara anayehudhuria akiwa ameegesha pikipiki kivulini, na kuna dada mmoja wa Biharamulo anayesoma huku akinyonyesha. Mama husomea sebuleni, kwenye meza ya chakula, kwa kompyuta ya zamani aliyopewa na mjomba wangu. Kompyuta hiyo haishiki waifai, kifaa chake kilikufa kabla haijafika kwetu. Ndiyo maana tunatumia waya.

Waya wenyewe unatoka dukani kwa Bi Mwanaidi. Duka lake liko barabarani hapa Nkwenda, na nyumba yetu iko nyuma yake. Katikati ni kibanja chetu, shamba la migomba na kahawa. Yeye ana intaneti kwa ajili ya kuchapishia watu makaratasi, na aliposikia kwamba Mama anataka kusoma, alisema ruta yake ina matundu manne naye anatumia moja tu, hayo mengine yanaingiza vumbi bure. Baba anafanya kazi kwenye machimbo ya bati na huja nyumbani mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki moja alisimamisha nguzo sita za mkaratusi, akapitisha waya wa bluu juu ya kibanja, kutoka dirisha la duka hadi dirisha la sebule. Waya mmoja haukutosha, kwa hiyo ni vipande viwili, vinakutana kwenye kiungio kidogo cha plastiki katika nguzo ya nne. Baba alikifunika kwa nusu ya chupa ya maji ili mvua isiingie.

Miezi miwili yote mambo yalikwenda vizuri. Kisha, kama wiki tatu zilizopita, sauti ikaanza kukatika.

Haikuwa kukatika moja kwa moja. Ingekatika moja kwa moja tungemwita fundi na habari ingeishia hapo. Mwalimu alikuwa anaongea vizuri, mara uso wake unaganda mdomo ukiwa wazi, mara maneno matano yanakuja kwa mkupuo, mara kimya, halafu unasikia, "...kwa hiyo jibu ndilo hilo. Tumeelewana?" Darasa zima linasema ndiyo.

Na Mama naye anasema ndiyo.

Jumanne ya wiki hii nilichelewa kurudi kutoka shule, nikamkuta yuko katikati ya kipindi. Nilikaa jikoni nikichambua maharage huku nikisikiliza. Sauti ilikatika mara tisa. Nilihesabu. Mara zote tisa Mama alisema, "Ndiyo, Mwalimu." Kipindi kilipoisha nilimuuliza wamesoma nini. Akasema milinganyo. Nikampa mlinganyo mmoja mdogo, wa kujaribu tu, na hakujua aanzie wapi.

Nikamwambia, "Mama, si ungesema tu kwamba husikii?"

Nilisema kwa sauti ambayo mtu hatumii kwa mama yake.

Hakunikemea. Alifunga kompyuta, akaifuta vumbi kwa kanga, akaongea kwa Kinyambo, lugha anayoitumia jambo linapokuwa la moyoni. Alisema wenzake wote wanasikia. Watu kumi wanasikia na kuelewa, yeye peke yake hasikii. Mwanzoni alidhani ni waya, lakini waya gani unachagua kukatika pale penye maneno magumu? Basi huenda kinachokatika ni kichwa chake, kichwa kilichokaa miaka kumi na sita bila daftari. Alisema Alhamisi atahudhuria kwa heshima ya Mwalimu, na kipindi kikiisha atamuaga.

Nakiri jambo ambalo sikumwambia, ingawa najua atalisoma hapa. Kwa muda mfupi, labda dakika moja, nilifikiri huenda ni kweli.

Dakika moja ni ndefu.

Mimi nilikuwa nimeanza kupima mtandao tangu Ijumaa iliyopita. Madam wetu wa Fizikia hapendi wanafunzi wanaobahatisha. Ukimwambia "nadhani", anakuuliza, "Umepima?" Kompyuta ina amri ndogo inayotuma ujumbe mfupi kwenye ruta, halafu inahesabu umechukua muda gani kwenda na kurudi. Ni kama kumwita mtu aliye ng'ambo ya kibanja na kusikiliza ataitika baada ya muda gani. Waya ukiwa mzima, ruta huitika ndani ya milisekunde moja. Nilipima asubuhi kabla ya shule, nikapima niliporudi, na Jumamosi na Jumapili nilipima kila saa. Jumatatu nilikuwa na homa kidogo sikwenda shule, nikapima siku nzima nikiwa nimejifunga blanketi. Kila kitu niliandika kwenye daftari: siku, saa, na namba.

Asubuhi zilikuwa hivi: moja, moja, moja, moja. Jioni nyingi zilikuwa hivi: moja, moja, mia nane, hakuna jibu, elfu moja na mia mbili, moja.

Kilichonishtua ni kwamba aliyekuwa anachelewa kuitika ni ruta yenyewe, ile ya dukani. Kwa hiyo tatizo halikuwa Bukoba kwa Mwalimu wala kwa kampuni ya mtandao. Lilikuwa kati ya duka na meza yetu. Mpaka hapo nilikuwa nimefikiri vizuri, na Madam angenipa alama zote.

Halafu nikabahatisha.

Nilijiambia kwamba jioni ndipo wateja wanapojaa kwa Bi Mwanaidi, wengine wamekaa kwenye benchi na simu zao wanatazama video. Ruta imeelemewa, basi. Jana Jumatano nilipotoka shule nilipitiliza hadi dukani, nimebeba begi mgongoni na hasira kifuani.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso kama wa hakimu?"

Bi Mwanaidi ni mama mtu mzima, amezaliwa hapahapa, lakini wazazi wake walitoka Pangani na bado anaongea kwa ule mwendo wa pwani, taratibu, kama mtu anayemimina chai. Nilimwambia mbele ya wateja wawili kwamba mama yangu hawezi kusoma kwa sababu ya watu anaowaachia mtandao. Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Nikaongeza kwamba kama amechoka kutusaidia aseme tu.

Mteja mmoja aliyekuwa anachagua misumari aliacha kuchagua.

"Kwetu," alisema Bi Mwanaidi, "mtoto akija na maneno makubwa hivyo hupewa kiti kwanza, maana atakuwa amechoka. Kaa. Ukishapumzika nenda kalete hiyo kompyuta."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Kiti kilinishinda nguvu. Nikakaa kidogo, nikaenda kuleta kompyuta, nikaichomeka kwa waya mfupi kwenye tundu lilelile la waya wetu. Wateja watatu walikuwa kwenye benchi na simu zao, na Bi Mwanaidi akawaambia watazame video zote wanazotaka, leo ni bure kwa amri ya hakimu. Nilipima robo saa nzima. Moja, moja, moja. Haikupanda hata mara moja. Yeye alisimama nyuma yangu, amevaa miwani yake ya kusomea.

"Haya, Mheshimiwa. Nimeshinda au nimeshindwa?"

"Umeshinda, Bi."

"Basi mwizi wako yuko migombani. Katafute. Na mama yako mpe salamu zangu, asije akaambiwa nimemnunia."

Niliondoka bila kuomba radhi. Nilitaka, neno lilifika kooni, lakini yule mtu wa misumari alikuwa bado ananitazama.

Niliufuata waya kutoka dirisha la duka hadi dirisha letu, nguzo kwa nguzo, mara mbili. Nilitafuta mahali palipotafunwa na panya, sikuona. Nilitafuta mahali palipochubuka, sikuona. Kwenye nguzo ya nne nilifunua chupa, nikatazama kiungio, nikabonyeza vichwa vya waya. Vilikuwa vikavu, vimeingia vizuri. Nilirudi nyumbani nikakaa kizingitini na daftari langu mapajani. Saa ishirini na nne zilikuwa zimebaki kabla Mama hajamuaga Mwalimu, na mimi nilikuwa na kurasa saba za namba na sina jibu.

Mama alikuwa anamenya ndizi za chakula cha jioni. Aliniuliza kwa nini nimenywea. Sikutaka kumwambia habari ya dukani. Nikampa daftari. Sikumpa ili anisaidie, hilo halikunijia kabisa. Nilitaka aone jambo moja tu: kwamba namba zinapanda hata saa ambazo yeye hayupo mezani, hata siku zisizo na kipindi, na kwa hiyo kichwa chake hakihusiki.

Alifuta mikono, akalichukua. Alisoma pole pole, kidole kikishuka na mstari. Alirudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele miwili, akarudi tena.

"Jumamosi ni moja moja tu?"

"Siku nzima."

"Jumamosi tulipepeta maharage."

"Najua Mama, nilikuwepo."

"Hatukupepeta. Tulikaa na nyungo mpaka saa kumi, upepo ukagoma. Tukarudisha maharage ndani na makapi yake." Kidole kikashuka. "Na hapa, Jumatatu saa tisa?"

"Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote."

"Jumatatu saa tisa ndipo upepo ulipoinua turubai la kahawa. Niliokota punje mpaka magoti yakauma."

Nilikuwa nimeandika siku, saa na namba. Sikuwa nimeandika hali ya hewa. Mama alikuwa nayo yote kichwani, siku kwa siku, kichwa kilekile alichosema kimekatika. Alikuwa anasoma safu ambayo mimi sikuichora.

Halafu akaweka mkono mdomoni.

"Yesu wangu," akasema. "Ile kamba."

Kati ya nguzo ya tatu na ya nne kuna mgomba wenye mkungu mkubwa kuliko yote kibanjani. Wiki tatu zilizopita ulianza kuinama kuelekea kwenye kahawa. Mama alikuwa peke yake, hana kamba, hana mti wa kuuegemeza, na ukianguka unaondoka na mkungu mchanga. Lakini pale juu palikuwa na kitu cha bluu, kigumu, kimepita kwa urefu uleule unaofaa. Akauvuta waya, akauzungusha chini ya shingo ya mkungu, akaukaza kwa ukambaa wa mgomba. Alikusudia arudi kesho yake na mti. Kesho yake wavunaji wa kahawa walikuja, na keshokutwa, na mti ukasahauliwa.

"Nilijua waya ukiwa haujakatika, haujaharibika," aliniambia.

Upepo ukivuma, mgomba unayumba. Mgomba ukiyumba, waya unavutwa, na kule kwenye nguzo ya nne kichwa chake kinatoka kidogo, unene wa unywele, kisha kinarudi. Upepo ukitulia, ukienda kutazama unakuta kila kitu kiko mahali pake. Na upepo wetu wa kiangazi huanza alasiri na kuzidi jioni, saa ya Mwalimu.

Nimecheka sana nikiwaza hili. Mgeni yeyote kutoka mjini angepita pale mara moja akapiga kelele: jamani, mmefunga mgomba kwa waya wa mtandao! Mimi nimezaliwa katikati ya migomba. Nilipita chini yake mara mbili, nikaona mkungu mzito umefungwa usianguke, na moyoni nikasema umefungwa vizuri.

Nilimtazama Mama nikiogopa. Nilidhani atasema, unaona, ni mimi tena. Aliinuka akachukua panga.

"Twende. Si unasema lazima kupima?"

Mimi nikabaki mezani na kompyuta, yeye akaenda kibanjani. Tulikuwa tunaitana kupitia dirishani.

"Nimefika!"

"Tikisa!"

"Natikisa!"

Moja. Moja. Mia sita na arobaini. Hakuna jibu. Mia tisa.

"Acha, Mama!"

"Nimeacha!"

Moja. Moja. Moja. Moja.

"Tikisa tena!"

Jirani aliyekuwa anapita njiani na ndoo ya maji alisimama, akauliza kulikoni na huo mgomba, umekosa nini. Nikamsikia Mama akimjibu kwa sauti kubwa kwamba yuko kwenye jaribio la Fizikia, asimkatize.

Tulirudia mara sita. Mara sita ilikuwa vilevile. Mama aliingia ndani akiwa na vumbi la majani makavu kwenye nywele, akatazama kioo cha kompyuta, akasema, "Kumbe kichwa kizima. Kosa ni la mikono." Akacheka mpaka akakaa chini. Tulikata mti wa mkaratusi wenye panda, tukauegemeza mkungu, tukafungua waya. Hapo ndipo utomvu uliponipata, kwenye shati, kwa sababu ya haraka sikubadilisha nguo.

Lakini asubuhi ya leo nilipotazama kile kiungio vizuri, niligundua kwamba kichwa kimoja cha waya kimevunjika kale kaulimi kadogo kanakokibana ndani ya tundu. Wiki tatu za kuvutwa zilikuwa zimekamaliza. Hata bila mgomba, upepo mkali ungeweza kukitoa. Kilihitaji kichwa kipya, na hapa Nkwenda koleo la kubania vichwa hivyo ninalolijua mimi liko kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo kabla ya waya kupona ilibidi mimi niombe radhi. Shuleni sikusikia hata somo moja.

Saa kumi kasoro nilikuwa dukani, nimebeba begani kipande cha waya chenye kichwa kilichovunjika. Palikuwa na wateja wengi kuliko jana. Nikaona kama niliongea vibaya mbele ya watu, nisiombe radhi pembeni. Nilisema, "Bi Mwanaidi, jana nilikukosea. Tatizo lilikuwa kwetu. Naomba unisamehe." Nikamweleza habari ya mkungu yote, sikuficha.

Alishika meza kwa mikono miwili. Nilidhani amekasirika, kumbe anacheka bila sauti, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

"Waya wangu! Ati waya wangu umeshika ndizi wiki tatu!"

"Ndiyo, Bi."

"Basi sikiliza hukumu, maana leo hakimu ni mimi. Mkungu huo ukikomaa, nusu yangu. Bila waya wangu ungekuwa umeliwa na mchwa." Akafungua droo, akatoa koleo na kichwa kipya, akanikalisha kwenye kile kiti cha jana. "Nimeshakusamehe jana ulipokubali kukaa. Shika hapa. Nyaya ndogo ni nane, kila rangi na mahali pake, ukikosea moja mama yako atasoma Kichina."

Nilibana mwenyewe. Mara ya kwanza nilikosea rangi mbili, tukakata, tukaanza upya. Mara ya pili alikagua kwa miwani yake akasema kimekaa. Nilikimbia. Nilipomaliza kuutundika tena waya hadi nguzo ya nne ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Niliuzungusha waya kwenye nguzo mara mbili kabla ya kiungio, ili hata ukivutwa, kinachovutwa kiwe nguzo.

Mama alikuwa tayari amekaa. Amevaa blauzi yake ya kanisani.

Nilijua kwa nini. Mtu anayeaga huvaa vizuri, na tangu jana hakuwa amesema kwamba amebadili nia.

Niliacha dirisha dogo la kupima likiwa wazi kwenye kona ya kioo, naye akakubali. Nikakaa kwenye kiti cha pembeni, mahali ambapo Mwalimu hanioni. Upepo ulikuwa umeanza. Majani ya migomba yalikuwa yanapigana nje. Moja. Moja. Moja. Dakika kumi zikapita, dakika ishirini, na sauti ya Mwalimu Lazaro ilikuwa inakuja nzima, hata kikohozi chake, hata jogoo wa jirani yake huko Bukoba.

Alikuwa kwenye milinganyo ileile. "Tano hii tunaihamisha upande wa pili, ishara inabadilika, inakuwa hasi tano. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu," darasa likasema.

Mama aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Hapana."

"Mama wa Nkwenda, sauti haifiki?"

"Sauti inafika vizuri sana, Mwalimu. Kuelewa ndiko hakujafika. Hiyo ishara inabadilika kwa nini? Nani anaibadilisha?"

Mwalimu aliganda mdomo ukiwa wazi kidogo, kama Jumanne. Nilitazama kona ya kioo.

Moja. Moja. Moja.

Alikuwa anafikiri.

Kwanza ilisikika sauti ya yule dereva wa Ngara, "Mwalimu, hata mimi hilo nilitaka kuuliza tangu mwezi wa tano!" Halafu dada wa Biharamulo akasema na yeye. Halafu wengine wawili. Mwalimu Lazaro akavua miwani. Alisema amefundisha miaka mingi na watu wengi wamemwitikia ndiyo mahali hapo. Akauliza ni nani amewahi kuona mizani ya mikono miwili, na Mama akasema ameiona kila msimu wa kahawa tangu akiwa mtoto. Basi, akasema Mwalimu, hakuna kitu kinachohama. Ukitoa tano mkono huu, mizani italala, kwa hiyo unatoa tano na mkono ule. Hiyo hasi unayoiona ni ile tano uliyoitoa.

Mama akasema, "Aaah." Akaandika. Kalamu yake ilikuwa inakwenda haraka kuliko ninavyoandika mimi. Mlinganyo uliofuata aliukosea, akaufuta. Uliofuata alipata.

Nimekaa nalifikiria hili tangu saa kumi na mbili. Waya ulipona, na bado Mama hakuelewa mara moja. Nilidhani nikitengeneza waya nitakuwa nimetengeneza kila kitu. Mimi nilimsafishia njia tu. Swali aliliuliza mwenyewe, na lilikuwa swali ambalo mimi, mwenye alama nzuri za Hisabati, sijawahi kumuuliza mtu yeyote. Nimekuwa nikihamisha tano upande wa pili tangu kidato cha kwanza kwa sababu niliambiwa zinahamishwa.

Kipindi kilipokaribia kwisha nilisimama, nikajifanya natafuta kitu kabatini. Sikutaka kumtazama usoni.

"Haya, wanafunzi wangu, tuonane Jumanne," Mwalimu akasema. "Kuna mwenye neno?"

"Ninalo mimi," Mama akasema.

Nilishika mlango wa kabati.

"Jumanne nitachelewa dakika tano, Mwalimu. Nina kahawa ya kuanua. Msianze bila mimi."

Sasa yuko jikoni, ndizi zinachemka, na nasikia anaimba kitu cha kwaya huku anakosea maneno. Kesho kipindi cha kwanza ni Kemia. Kuna jambo moja sijalielewa tangu mwezi wa tatu, na kila mara mwalimu wa Kemia akiuliza nimekuwa nikisema ndiyo pamoja na wenzangu. Nitainua mkono.